Mwili Wangu Ulibaki Makongeni

Tangu nirudi kutoka Kanada kila mtu ananiuliza swali moja, na kila mtu namjibu lake. Musyoka mchongaji nilimwambia kulikuwa kuzuri. Bwana Athumani mwenye duka kule Mbotela nilimwambia kulikuwa na baridi, ilhali ilikuwa Julai na watu wazima walitembea na kaptura. Kanisani niliposimamishwa nitoe salamu za safari, nilisahau nilichotaka kusema nikakaa chini. Sasa nasikia kwamba Kilonzo amepanda ndege mara moja tu na tayari ana maringo. Sina maringo. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na hata leo bado nahesabu vidole kabla ya kukubali ni siku gani. Basi naandika yote hapa, myasome kwa zamu, na mkimaliza mniache nipumzike.

Wale ambao labda hamnijui vizuri: mimi ni gadi wa treni mstaafu. Maisha yangu yote nimeyaendesha kwa saa. Kazini nilisoma saa ya Kizungu, nyumbani nikasoma saa ya Kiswahili, na sikuwahi kuzichanganya. Mpaka leo naamka saa kumi na nusu alfajiri bila kengele, na majirani wanalijua lango langu linavyolia saa hiyo.

Binti yangu Mwende ni muuguzi huko Vankuva, mwisho kabisa wa Kanada, pale ardhi inapokwisha. Miaka miwili iliyopita aliolewa na kijana wa hukohuko, dereva wa malori ya masafa marefu anayeitwa Daudi. Aliolewa bila kuniuliza. Ndivyo nilivyoamini. Tangu siku hiyo tulikuwa tunatumiana kadi za Krismasi tu, na kwenye kadi hakuna nafasi ya maneno mengi. Halafu akazaa msichana akampa jina la marehemu mama yake, Nduku. Daudi hana habari na zamu za majina, kwamba wa kwanza huitwa jina la upande wa baba, kwa hiyo jina la upande wetu likatangulia. Mwende akatuma tikiti na mstari mmoja: “Baba, njoo umwone Nduku.”

Nililia juu ya barua ile. Nilijua nakwenda kufanya kazi moja tu, kumwonyesha binti yangu kwamba nimefurahi.

MAKONGENI HADI UWANJA WA NDEGE

Ndege ilikuwa ya usiku, lakini mimi nilitaka kutoka mchana. Musyoka aliazima pikapu ya mwajiri wake, ile ya kubebea magogo ya mpingo, na akanitania njia nzima.

“Gadi, hata ndege ikichelewa wewe utapuliza filimbi?”

“Nitaangalia saa yangu,” nikamwambia.

“Na huko wanatumia saa gani?”

Nikamwambia saa ni saa. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Mwende alikuwa ameandika kwamba kwao wako nyuma yetu kwa saa kumi, nami nikafanya hesabu kwenye karatasi nikaona ni rahisi sana. Kwa kalamu, kweli, ni rahisi.

Nilifika uwanjani zikiwa zimebaki saa sita ndege iondoke. Nilikaa na begi langu lenye kilo nne za muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na maharagwe, maana Mwende aliyaomba, na nikala mayai mawili ya kuchemsha niliyotoka nayo nyumbani. Ndani ya ndege walituletea chakula karibu saa saba usiku. Kuku, wali, na keki ndogo. Tumbo langu lilikuwa limefunga ofisi. Nilikula kwa heshima ya aliyeleta.

LONDON, MAHALI PA KUNGOJA

Asubuhi tukashuka London. Ndege ya pili ilikuwa ya alasiri, kwa hiyo nikangoja. Nilikuwa sijalala hata dakika kumi, kwa sababu jirani yangu ndegeni aliegemeza kichwa kwenye bega langu kana kwamba tumeoana.

Kwenye benchi alikuwepo mama mmoja wa Kihindi, mwenye nywele nyeupe na kikapu cha chakula. Alinisikia nikijiongelesha Kiswahili akageuka.

“Baba, umetoka Nairobi?”

“Nimetoka Nairobi, mama. Makongeni.”

“Mimi nimezaliwa Kisumu,” akasema. “Wakati wa treni ya mvuke.”

Hapo tulizungumza mpaka midomo ikakauka. Alinipa chapati mbili zilizokunjwa na viazi vya manjano, akaniona nikitazama saa yangu kila baada ya tonge moja. Akaniambia niigeuze, niweke saa ya London, na nikifika mbele niigeuze tena. Yeye amefanya safari hizo mara nyingi kwa watoto wake. “Kula wakati wao wanakula. Lala wakati wao wanalala. Usisikilize tumbo.”

Nilimwambia kwa adabu kwamba saa hii nilipewa siku ya kustaafu, na haijaguswa tangu siku hiyo isipokuwa kutiwa betri. Aliniangalia kwa huruma. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa: “Mara ya kwanza nilipofika kwa mwanangu, nilimchukia wiki nzima. Hakuwa amenikosea kitu.”

Nikadhani ana matatizo ya kifamilia. Nikamwombea kimoyomoyo.

Ndege ikachelewa saa nzima. Sababu waliyotangaza sikuisikia. Wenzangu wote waliguna na mimi nikaguna nao.

SIKU ISIYOKWISHA

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu Bwana Athumani alidhani natia chumvi. Tuliondoka London jua likiwa limeanza kuinama. Tukawa hewani kwa muda wa saa tisa na nusu. Tulipofika Vankuva jua lilikuwa bado limeinama vilevile. Njia nzima lilikaa dirishani kwangu kama mgeni asiyejua kuaga.

Saa yangu ilisema saa nne usiku, nje jua. Saa sita usiku, jua. Saa nane, saa ambayo hata mlevi wa Makongeni amefika kwake, jua. Sisi kwetu tunahesabu saa kutoka jua linapochomoza. Jua likitua tunaanza tena moja. Sasa kama jua halitui, ile moja unaianzia wapi? Nilijaribu kulifikiria swali hilo nikashindwa, nikaanza kutokwa machozi bila sababu. Msichana wa ndege aliniletea maji akidhani naumwa.

VANKUVA, JIONI YA KWANZA

Mwende alikuwa amesimama nyuma ya kamba, amenenepa kidogo, mtoto amemfunga kifuani. Kwa saa yangu ilikuwa saa kumi usiku kasoro. Kwao ilikuwa kabla ya saa kumi na mbili jioni na watu wamevaa miwani ya jua.

Tangu nipate barua ile nilikuwa nimeipanga dakika hiyo. Ningemwita mtoto “mke wangu”, kama mababu wanavyowaita wajukuu wenye majina ya wake zao, na Mwende angecheka, na kucheka kule kungemaliza maneno.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba.”

“Shika mtoto.”

Alinipa. Mtoto wa wiki sita, mzito kuliko nilivyotazamia, macho yamefumbuka. Nikamtazama. Nikasubiri moyo ufanye kazi yake. Haukufanya kitu. Niliona masikio, nikaona pua, nikaona kofia ya sufu, kama mtu anayekagua mzigo ulioletwa kwenye gari la mizigo. Kisha, nisameheni, nikapiga mwayo. Mwayo mrefu, mdomo wote wazi, juu ya uso wa mjukuu wangu mwenye jina la mke wangu.

Mwende akamchukua mtoto. “Umechoka,” akasema, lakini hakunitazama.

Nyumbani alikuwa ameshapika. Alikuwa amepata mahindi yanayofanana na ya muthokoi kwenye duka la Wameksiko, akayaloweka tangu jana, akayapika na maharagwe na majani ya kunde ya mkebe. Alikaa mbele yangu anitazame nikila. Chakula kilikuwa mdomoni nami sikukisikia. Najua kilikuwa kitamu kwa sababu nilikiona. Nilikula vijiko vinne nikasinzia nikiwa nimeshika kijiko cha tano.

Nilipofumbua macho alikuwa anaondoa sahani.

“Baba, kama hukutaka kuja ungesema tu,” akaniambia. “Ningekuelewa.”

Nikamwambia nimefurahi. Nikasema mara mbili. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetangaza treni ya mtu mwingine.

“Usiniambie,” akasema. “Ukifurahi nitajua.”

Dirishani jua lilikuwa bado linawaka. Ilikuwa saa mbili usiku.

VANKUVA, SUFURIA YA MUTHOKOI

Niliamka ghafla, macho makavu, akili safi kama ya kijana. Giza, nyumba kimya. Saa ya ukutani jikoni ilionyesha saa tisa usiku. Yangu ilisema saa saba mchana. Saa saba mchana mimi huwa nakula, na hilo tumbo langu halijawahi kulisahau hata siku ya msiba.

Nikafungua jokofu nikaona sufuria. Muthokoi baridi. Nikachota kijiko kimoja nikiwa nimesimama, na nilitaka kupiga kelele. Utamu ule! Chumvi, kunde, mahindi yanayoteleza, kila kitu kilikuwepo. Nilimwona marehemu mke wangu akipuliza moto wa makaa. Nilimaliza sufuria nzima kabla mkono wa saa ya ukutani haujazunguka hata robo, na kwa mara ya kwanza tangu Nairobi nilijiona mtu.

Asubuhi Mwende alikuta sufuria tupu. Niliona anafikiri. Jana nilikataa chakula mbele yake, usiku nikakila kwa siri. Na mimi mwenyewe sikuwa na maelezo. Ungekuwa wewe ungemwambia nini?

Mambo ya kujifunza ndiyo yaliyoniaibisha zaidi. Kulikuwa na kisanduku cha umeme cha kupasha maziwa ya mtoto. Unafungua, unaweka chupa, unabonyeza namba, unangoja mlio. Mwende alinifundisha jioni ya pili. Nikasahau. Akanifundisha jioni ya tatu, polepole, kama anavyowafundisha wagonjwa wake. Nikabonyeza namba nyingine kabisa, maziwa yakafurika mpaka mlangoni.

“Baba, si ni namba mbili tu.”

“Naziona.”

“Wewe si ndiye ulikariri kitabu chote cha sheria za reli kwa wiki moja? Ulikuwa unatuambia kila siku.”

Kweli nilikuwa nawaambia kila siku. Nikaona haya. Nikawa pia na hasira, hasira isiyo na mwenyewe. Nilimchukia Daudi ambaye alikuwa njiani na lori lake na hajanikosea. Nilichukia zulia. Jioni ile niliketi sebuleni nikimtazama binti yangu akinyonyesha na nikajiuliza kama nimekuwa mtu mbaya uzeeni. Ndipo yule mama wa Kisumu akanijia akilini, na bado sikumwelewa.

Usiku huohuo wa tatu mtoto alilia. Mwende alikuwa amelala usingizi mzito, alikuwa hajapumzika siku nyingi. Nikaingia jikoni peke yangu, nikafungua kisanduku, nikabonyeza namba zote mbili sawasawa, nikangoja mlio, nikajimwagia tone mkononi kama nilivyoelekezwa. Kila neno alilonifundisha jioni lilikuwepo kichwani limepangwa. Mchana halikuwepo. Nilimlisha Nduku, nikaketi naye dirishani tukiangalia taa za barabara. Naye alikuwa macho kabisa. Tulikuwa watu wawili tu mtaa mzima ambao hatukujua ni usiku. Tulizungumza mpaka akalala, au tuseme mimi nilizungumza.

Kutoka hapo ikawa desturi. Kila usiku saa tisa yeye analia kidogo, mimi nishaamka namsubiri. Sikumwambia Mwende. Niliona ni kama namwibia.

VANKUVA, SAA 2

Siku ya tano nilikuta karatasi mezani, mwandiko wa Mwende: “Kliniki saa 2. Uwe tayari, Baba.” Nilikuwa nimekubali hatimaye kugeuza saa yangu, baada ya kuhangaika nayo siku nzima. Basi saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeoga, nimevaa suti ya kustaafia na tai. Saa mbili kamili nikaona kimya. Nikagonga mlango wake. Kimya. Nikagonga kwa ule mkono wa kugonga mabehewa.

Mtoto akalia. Mwende akatoka, macho mekundu, kanga begani.

“Baba! Kuna nini?”

“Saa mbili imefika. Kliniki.”

“Saa mbili gani? Ni asubuhi.”

“Ndiyo. Saa mbili asubuhi.”

“Nimeandika saa mbili!” akasema, na akanyoosha vidole viwili. “Mbili. Baada ya chakula cha mchana.”

“Hiyo ni saa nane.”

“Hapa ni saa mbili!”

Tulikuwa tunapigiana kelele, mtoto naye katikati. Nikamwambia yeye amesahau Kiswahili. Akaniambia mimi nimekuja kumhukumu. Nikamwambia mtu akiandika saa mbili, baba yake atakuja saa mbili, na kama angeandika saa tatu ningekuja saa tatu, kama nilivyokwenda ile Jumapili kwa Athumani nikakaa kwenye gunia la mchele mpaka saa sita na simu isilie.

Akashusha vidole.

“Jumapili gani?”

Nikamwambia Jumapili ipi. Kabla ya ndoa yake aliniandikia kwamba atapiga simu dukani kwa Bwana Athumani, Jumapili, saa 3, ana jambo la kuniuliza. Nilifika saa tatu asubuhi kabla duka halijafagiliwa. Nilingoja mpaka saa sita, Athumani alipofunga aende kwa dada yake Pumwani. Nilirudi nyumbani nikijua binti yangu amebadili nia, haoni haja ya baba.

Mwende alikuwa ameshika ukuta.

“Nilipiga saa tatu ya Kizungu,” akasema taratibu. “Saa tisa yenu. Ilikuwa alfajiri huku, nilikuwa zamu ya usiku. Nilisimama kwenye simu ya korido, ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mara nne, Baba. Nikasema basi, amekataa hata kushika simu.”

“Duka lilikuwa limefungwa.”

“Nilitaka kukuuliza kama naweza kuolewa.”

Nilikaa kwenye kiti na suti yangu. Miaka miwili ya kadi za Krismasi, kwa sababu ya namba moja kwenye karatasi, na mimi ndiye gadi. Yeye akaanza kucheka, kisha akalia, kisha vyote viwili pamoja. Mimi nilitaka kufanya hivyohivyo. Nilijua ni wakati wa kulia na kucheka. Lakini ndani palikuwa pakavu, na nilimwambia hivyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha.

“Mwende, tangu nifike sisikii kitu. Mtoto nampenda kwa kichwa. Moyo hauitiki.”

Nilidhani atakasirika. Badala yake akanitazama kama muuguzi.

“Lini unajisikia sawa?”

“Usiku. Saa tisa, saa kumi. Ule muthokoi nilioula usiku ulikuwa mtamu sana.”

Akafunika mdomo. Halafu akanieleza, na nitaeleza nilivyoelewa mimi. Akasema kila mtu ana saa ndani ya kichwa, nyuma ya macho, na inajirekebisha kwa mwanga wa jua. Hiyo ndiyo inayouambia mwili ulale, uamke, usikie njaa.

“Hata furaha ina zamu,” akasema. “Ile raha unayoisikia ukila kitu kitamu au ukishika mtoto, inatoka kwa ubongo, na ubongo hauitoi sawa saa zote. Kujifunza vilevile. Nimefanya zamu ya usiku miaka mitatu, Baba, naijua hiyo hali. Kuna siku nilipata barua yako nikaisoma kama bili ya stima. Saa yako bado iko Makongeni. Mimi nakupa mtoto saa kumi usiku ya Makongeni, halafu nataka ucheke.”

“Sasa mwili utafika lini?”

“Wanasema pengine siku moja kwa kila saa.”

“Kumi.”

“Kama kumi.”

Siku ya kumi ndiyo ilikuwa ya kurudi. Tulitazamana.

Mchana, saa nane yetu na saa mbili yao, tulikwenda kliniki.

KURUDI

Siku zilizobaki Mwende alinikalisha nje kwenye jua kama nguo zilizofuliwa. Kidogokidogo nikaanza kuonja chumvi kwenye chakula cha jioni. Siku ya nane nilicheka kitu fulani kwenye televisheni. Siku ya tisa Daudi alirudi, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, akanisalimu “Jambo, Baba” kwa sauti ya kukariri, nikaona simchukii tena. Lakini ile furaha yenyewe, ile niliyoifuata, nilikuwa naisikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Uwanjani Mwende alinipa mtoto mara ya mwisho. Nilimwita mke wangu. Mwende akatabasamu, lakini kwa wema, kama unavyomtabasamia mtu aliyejitahidi. Nilimwona. Alikuwa amesamehe ile simu, amesamehe mwayo. Ila alikuwa hajaona alichotaka kukiona, na mimi nilikuwa sijampa. Nikapanda ndege na jambo hilo.

Njia ya kurudi sitaieleza. Usiku ulikuja haraka mno, mara mbili nadhani, na London nilikula samaki nikidhani ni asubuhi.

MAKONGENI, MCHANA

Mengine mliyaona wenyewe. Nilisinzia ibadani mpaka mzee wa kanisa akaniamsha. Nilimpita Musyoka barabarani bila kumsalimu, kwa sababu sikumwona, nilikuwa natembea usingizini. Kwa kinyozi wetu Oti nililala na sabuni kidevuni.

“Mbuyu, majuu wamekufanyia nini?” akaniuliza kwa Sheng yake, ambayo mzee ni mbuyu na ng'ambo ni majuu. “Umerudi ukidoz kila mahali.”

Nikamwambia mwili wangu haujashuka ndege. Akacheka, akawaambia wateja wengine, na ndipo habari ya maringo ilipoanza.

Siku ya nne, Jumamosi, nilikwenda Mbotela kununua sukari. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Bwana Athumani, saa saba mchana, duka limejaa watu wa unga na mafuta ya kupima, na mimi macho yananifunga. Simu ikalia. Athumani akasikiliza, akaninyooshea mkono wa simu juu ya vichwa vya wateja.

“Mzee Kilonzo, ni Kanada.”

“Baba,” akasema Mwende. Sauti yake ilikuwa ya chini. “Kuna kitu ulikuwa unafanya na huyu mtoto usiku?”

Nikashtuka. Nikamuuliza kama mtoto anaumwa.

“Haumwi. Kila siku saa tisa usiku anaamka. Halii njaa, nikimpa maziwa hataki. Anaangalia kile kiti cha dirishani. Nikikaa mimi analia. Daudi akikaa analia. Ulikuwa unamfanyia nini?”

Hapo ikabidi nikiri. Nikamwambia nilikuwa naamka naye kila usiku. Sikujua nyimbo za watoto, mambo hayo aliyajua mama yake. Kwa hiyo nilikuwa namtajia stesheni, kutoka Nairobi kwenda Mombasa, polepole, na kituo kidogo kila mahali gari linaposimama.

Nikasikia mkwaruzo, na pumzi ndogo ya haraka ikaingia sikioni mwangu. Mwende alikuwa ameweka simu kwenye sikio la mtoto.

Duka lote lilikuwa linanitazama. Mama mmoja alikuwa ameshika chupa ya mafuta hewani. Nikageukia rafu za sabuni nikaanza.

“Makadara. Embakasi. Athi River. Konza.”

Pumzi ikatulia kidogo. Nikaendelea. Ulu. Kiu. Sultan Hamud. Nilipofika Emali ikabidi nishike rafu. Nilimwona mtoto mzima kwa mara moja, masikio, pua, kofia ya sufu, uzito wake mkononi. Furaha ile niliyoifuata mpaka mwisho wa Kanada ilinikuta kwa Athumani katikati ya sabuni na viberiti, na ilikuwa kubwa kiasi kwamba iliniuma. Nikataja Simba, nikataja Makindu, sauti imevunjika, machozi yananitiririka mbele za watu na sikujali.

Mtito Andei. Tsavo. Voi.

“Amelala,” Mwende akanong'ona. Halafu akasubiri. Nadhani alikuwa ananisikiliza ninavyopumua. “Baba, unalia.”

“Ndiyo.”

“Basi umefurahi,” akasema, naye sauti yake haikuwa nzuri.

Hakukata simu, wala mimi sikukata, na dukani hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nikafuta uso kwa kofia yangu, nikaendelea na Maungu, Samburu, Mariakani, Mazeras, nikamfikisha binti yangu Mombasa.